Chaza kwa Kiti cha Ndege

Jumatatu, 29 Mei 2000

Nafasi ya ndege: hakuna. Tena! Nimerudi kutoka uwanja wa Simi-Simi kwa toleka, tairi la baiskeli likapasuka, nikamalizia njia kwa miguu kwenye matope huku mwendeshaji akilaumu uzito wangu.

Édouard, rafiki yetu anayesimamia upakiaji wa ndege za mizigo, anasema Jumatatu ijayo kuna ndege ya Butembo. Itachukua abiria mmoja tu, juu ya magunia. Bado hajaamua ni nani. Nilipofika kwake nilimkuta Mumbere ameshaketi, na kuku wa kukaanga yuko mezani. Mumbere ni jirani yangu sokoni, anauza betri na tochi. Anatoka Butembo kama mimi, amekwama hapa kama mimi. Ni rafiki yangu. Ningefurahi sana akiteguka mguu.

Mke wangu Virginie ametuma ujumbe kwa fonie, simu ya upepo ya misheni. Mkunga anasema hazibaki wiki mbili. Anauliza nakuja lini. Ni mtoto wetu wa kwanza! Nilikuja Kisangani kabla ya Noeli kuuza chumvi na sabuni, nirudi upesi, kisha barabara ya Bafwasende ikafungwa. Nataka kuwa mlangoni mtoto akilia mara ya kwanza. Sitaki kitu kingine duniani.

Soko limefungwa mchana. Majeshi mawili ya wageni yanatazamana mjini, kila moja na mizinga yake, na sisi tuko katikati.

Jumanne, 30 Mei

Nimepata wazo!

Édouard alisomea kazi Ubelgiji zamani. Kila akifika chupa ya pili anaanza kusimulia chaza wa Ostende: wabichi, wazima, limau kidogo, unameza. Sefu, fundi cherehani aliyezaliwa hapa hapa na anayeujua mto, anasema maji yakipungua chaza wanaonekana kwenye mawe ya maporomoko ya Wagenya. Si wa bahari, lakini ni chaza. Basi nimemwalika Édouard Jumapili. Marafiki, mtumbwi wa pirogi, chaza. Macho yalimlowa.

Nikaongeza kwamba nimekua nikila chaza. Akauliza wapi. Nikasema Butembo. Akauliza mto gani. Nikakohoa mpaka akanipiga mgongoni.

Mumbere alisikia. Amejialika mwenyewe na ameahidi kuku mwingine. Huyu mtu anawatoa wapi?

Alhamisi, 1 Juni, Sikukuu ya Kupaa

Misa. Padri amehubiri juu ya kupaa mbinguni. Sisi watu wa Butembo tulitazamana, hakuna aliyecheka.

Mashaka yamenishika. Itakuwaje Jumapili chaza wakikosekana? Au Sefu akiwapata, sifa zikaenda kwa Sefu? Nimeenda peke yangu kwa Wagenya. Mwanamke mmoja amenipa chaza beseni zima kwa sabuni. Sura mbaya sana, kama saruji iliyomwagika. Alianza kunieleza namna ya kuwatunza. Nilimshukuru nikaondoka, njia yangu nilikuwa nayo tayari.

Chaza wa Édouard wanaishi kwenye maji ya chumvi. Mimi nauza chumvi. Jambo liko wazi! Nimemwaga kwenye beseni chumvi yote iliyobaki dukani. Chumvi, mji huu, ambako akina mama wanaiuza kwa kijiko! Lakini mtoto wa kwanza huzaliwa mara moja.

Ijumaa, 2 Juni

Chaza wamefungua midomo. Nadhani wanastarehe.

Jumamosi, 3 Juni

Harufu.

Mama Nyota, mwenye nyumba, alisimama mlangoni ameziba pua. “Papa Télé, iko nini inanuka vile? Kama iko mutu alikufa humo, uniambie tu.” Hakuwa anatania. Siku hizi watu wanaokotwa popote. Nimesema ni dawa ya tumbo. Akajibu basi bora niugue.

Nimewasugua kwa limau, nimewafunga kwa majani ya mgomba. Afadhali kidogo. Kidogo sana.

Jumapili, 4 Juni

Pirogi ya shemeji yake Sefu. Mimi ni mtu wa milimani, nimeshika ubao kwa mikono miwili na nimesali rozari yote, pamoja na litania. Kwenye kizuizi cha ukingoni askari walimla kuku wa Mumbere mbele ya macho yake. Siku ilianza vizuri.

Huko kwenye mawe, nakiri, tulisahau vita. Maji yalinguruma, hatukusikia kitu kingine. Sefu alipiga mbizi akaibuka na chaza wachache. Akawabanika kwa pilipili, Mumbere akala akilamba vidole. Édouard akakataa. Anataka wabichi. Nikaenda nyuma ya jiwe, nikafungua kifurushi changu, nikakichovya mtoni, nikapiga kelele kwamba nimewapata!

Sefu alikuja, akanusa, akaniuliza polepole, “Télé, hawa ulitosha wapi? Hawa walishakufa.” Nikamkanyaga mguu.

Édouard akakamua limau. Akafumba macho. Akameza. Kisha chozi likamshuka. “C’est la mer!” Akasema ni bahari yenyewe, chumvi ile ile, alidhani atakufa hajaionja tena. Akawala wote, akanishika mkono mbele ya Mumbere. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kiti ni changu!

Mumbere akatazama maji. Nilikaribia kumhurumia, ila ikapita.

Tuliporudi tulikuta askari wanachimba mahandaki karibu na soko. Sikujali. Nimefunga sanduku.

Jumatatu, 5 Juni

Nilifika Simi-Simi kabla ya jua, na sanduku na nguo za mtoto. Édouard hayupo. Anatapika tangu jana jioni, hawezi kusimama. Msaidizi wake getini hajawahi kusikia jina langu. La Mumbere analijua vizuri. Yeye pia alipelekewa kuku.

Mumbere ameondoka. Alinipungia mkono mlangoni mwa ndege, akasema atamsalimia Virginie. Nilibaki kwenye nyasi mpaka sauti ya injini ikaisha. Nililia. Hakuna namna nyingine ya kuandika.

Kabla ya saa nne asubuhi, mizinga. Nilikimbilia kwa Sefu. Akaniingiza ndani, kisha akanivuta tena nje tukamchukue Édouard, tukamsukuma juu ya baiskeli kama gunia. Tuko chini ya meza ya kukatia vitambaa, sisi watatu na watoto wa Sefu.

Ijumaa, 9 Juni

Bado wanapiga. Maji yamekwisha.

Papa Elisée, fundi viatu wa kona yetu, alitoka na ndoo. Sefu amemzika uani, kwenye migomba, maana makaburini hakufikiki. Nilishika upande wa miguu. Alikuwa mwepesi.

Édouard ameniuliza kama nilimlisha chaza waliokufa. Nimesema ni joto. Sefu alisikia. Akanikatia kwanga, mkate wetu wa muhogo, kipande sawa na chake.

Jumapili, 11 Juni, Pentekoste

Kimya. Watu wanatoka na kuhesabiana.

Misheni ina matundu ukutani, lakini fonie inafanya kazi. Virginie alijifungua Jumatano. Mvulana! Uchungu ulimshika akiwa peke yake na Mumbere, aliyekuwa amekuja tu kumpa salamu zangu. Akampakia kwenye baiskeli, akamsukuma kwenye mvua mpaka hospitali. Ni yeye aliyekuwa mlangoni mtoto alipolia.

Kwetu Wanande, mtoto wa kwanza wa kiume wa mama anaitwa Mumbere. Ndiyo mila, hakuna mjadala. Nililijua hilo tangu siku ya ndoa. Sista wa fonie akauliza jibu langu. Nilitaka kusema mengi. Nikasema: mwambie nakuja.

Uwanja wa Simi-Simi umechimbika. Labda ndege moja baada ya mwezi, kiti kimoja, ataamua Édouard. Leo ameketi, amekunywa uji. Anasema chaza hataki hata kuwasikia. Ila Ubelgiji kuna jibini, anasema, wanaliacha lioze kwa makusudi, na likinuka zaidi ndipo linapendwa zaidi.

Mama Nyota amenipa maziwa ya unga aliyobaki nayo. Nimeyakoroga kwenye sufuria, nimeyaweka juani nyuma ya nyumba. Kwa joto hili, wiki tatu zinatosha. Nitafika mwanangu hajaanza hata kukaa. Sefu sijamwambia.