Matufe ya Baba Yanapungua

Jumatatu, tarehe 4

Limepotea jingine. Rafu ya juu karakanani, nyuma ya tanuri, ina pengo la kutosha paka kulala.

Fundi wa kioo akipuliza tufe na kuliziba, pumzi yake hubaki ndani, pamoja na neno alilokuwa nalo mdomoni. Ukilivunja unamsikia mara moja, basi. Baba alifariki wakati wa mvua. Matufe yake ndiyo yaliyobaki. Mimi sijavunja hata moja. Huwa nayafuta vumbi na kuyawekea sikio, kama mjinga.

Mwizi ni Binamu. Ni mtoto wa Mjomba, anayeendesha karakana siku hizi. Ana miaka kumi na saba, mmoja tu kunizidi, na ni hodari wa kila kitu. Mtu hodari namna hiyo lazima ana lake jambo. Nadhani anatafuta siri ya ile buluu ya Baba.

Jumanne, tarehe 5

Nimemwaga majivu chini ya rafu. Atakayepita ataacha nyayo. Mpango safi.

Aliyepita ni Mjomba. Aliteleza, akaanguka kama gunia. Aliuliza nani kamwaga majivu. Nikasema upepo. Akauliza kama ni upepo pia ulioyasawazisha kwa ufagio. Nimefagia mpaka mikono imeota malengelenge. Nyayo nyingine zote zilikuwa zangu.

Jumatano, tarehe 6

Nilijificha ndani ya tenga la mkaa kuvizia. Usingizi ukanipitia. Binamu akaja na gunia, akanimiminia mkaa kichwani. Anasema hakujua kama nimo. Tena aliomba radhi, jambo lililoniudhi zaidi.

Wakati wa chakula nikamtaja mbele ya wote. Mwizi huyu hapa. Alinitazama, akamtazama Mama, kisha akatazama sahani yake. Hakujitetea. Asiye na hatia angenyamaza? Mama alisema hana njaa, akaondoka.

Ijumaa, tarehe 8

Yamerudi. Rafu imejaa pomoni. Nimemtisha mwizi, karudisha mali.

Niliyatazama asubuhi nzima. Nimeanza kusahau sauti ya Baba. Najua alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kuniita, lakini sikisikii tena kichwani. Nikasema, maadamu yamerudi mengi hivi, moja likipungua haitajulikana. Nikaligonga kwenye ukingo wa meza, nikafumba macho.

"Jamani, mgongo wangu."

Binamu. Nikavunja jingine. Binamu tena, anapiga chafya. La tatu, Binamu anajiuliza kama mimi nitagundua.

Nikamkamata ukosi. Akakiri amepuliza matufe siku mbili mfululizo, kwa mabaki ya kioo cha Baba, kuziba pengo ili niache kupekua. Nikamuuliza anamficha nani. Hapo hapo, kutoka banda la kuni, nikamsikia Baba.

"Ngoja kidogo, namalizia hili."

Nilikimbia. Mama alikuwa amekaa juu ya gogo, vipande vya kioo cha buluu mapajani.

"Mwanangu, nilitaka tu kumsikia," alisema. "Nilisema moja tu. Kisha nikasema moja tu tena."

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nikamuuliza kama Baba aliwahi kunitaja. Akasema ndiyo, katika moja alikuwa anatafuta tupa yake ya kusugulia kioo na kunilaumu mimi. Nikalia sana. Tupa nilikuwa nimeichukua kweli.

La Baba limebaki moja tu; wiki hii Mama amekuwa akija kila usiku, na mengine yote rafuni ni ya Binamu. Mama kaliweka mikononi mwangu. Tumekubaliana hakuna wa kuligusa.

Jumapili, tarehe 10

Mpango bora kuliko yote. Pumzi haivunjwi, inahamishwa. Unatoboa tufe tundu dogo, unaivuta kwa mrija, unaipuliza upesi kwenye kioo kipya. Ikipita mrijani inasikika, kisha unarudia. Mama angemsikia maisha yake yote.

Nilitoboa. Nikavuta. Ilikuwa baridi, na ilikuwa na ladha ya moshi. Nikageukia bomba la kupulizia, mashavu yamejaa. Akaingia Binamu, akauliza nafanya nini. Nikafungua mdomo nimkaripie. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Kwanza kikohozi kidogo. Kisha:

"Mke wangu, umekula?"

Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo.

"Bado," akajibu. "Nakungoja wewe."

Kisha akakumbuka. Akaweka beseni chini, akakaa kizingitini. Alicheka kwanza, halafu si kucheka tena. Afadhali angenipiga. Alinivuta tu nikakaa naye, akaniwekea kichwa begani, mimi niliyemmaliza Baba.

Jumatatu, tarehe 11

Mjomba kanipiga marufuku karakanani. Nimemwapia Mama kwamba mipango nimeacha, na nilimaanisha kabisa.

Jioni Binamu, kwa kunifariji, akaniambia kwamba Baba aliwahi kupuliza matufe ya kupamba madirisha ya nyumba ya hakimu. Bado yananing'inia ghorofani, yote ya buluu. Anasema twende kesho tubishe hodi, tueleze shida yetu kwa adabu. Hakimu ni mtu mwema, atatupa hata mawili.

Binamu hajui mambo haya. Nimeuzunguka ukuta wa hakimu mara mbili. Si mrefu sana, na mbwa anaonekana mzee. Kamba ninayo chini ya kitanda.