Kabati la Bibi Biasha

Jumatatu, 1 Juni 1964

Naogopa. Chifu Chirau ameniita mimi, Boga, si Tsuma! Mama yake, Bibi Biasha, anamaliza eda tarehe 15, naye anataka chumba chake kitengenezwe upya. Chifu akasema nikapime kwanza, nimwulize mama yake anahitaji nini. Nikiharibu, nihamishe karakana yangu kutoka kiwanja chake. Alisema hayo akitabasamu. Sijala tangu hapo.

Tatizo: mwanamume asiye ndugu haingii kwa mwenye eda. Tsuma, fundi jirani, akanishauri mkewe Mwanarusi aingie na futi yao. Waniibie kazi? Thubutu!

Jumatano, 3 Juni

Nilisimama barazani, Bibi ndani nyuma ya pazia. Shikamoo, pole na msiba. Nikamwomba apime mlango wa chumba kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono miwili na shibiri moja, akasema. Akaanza kueleza anachohitaji. Mara chifu akakohoa uani! Nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki huko. Haidhuru. Mjane atahitaji nini kama si kabati?

Jumamosi, 13 Juni

Kabati la mvule limekwisha. Kubwa! Milango minne na kioo, na vipimo vya Bibi nimevifuata kwa mkono wangu. Tsuma amelizunguka, akauliza nilipima kwa futi ipi. Wivu huo.

Jumatatu, 15 Juni

Ya Rabi, nisitiri. Wageni wamejaa, pilau imeiva, Bibi yuko chumbani na buibui lake akingoja kutolewa. Nikasema kabati litangulie. Tukaligeuza ubavu, likaingia nusu, likanasa. Nikaamuru vijana wasukume. Wakasukuma! Mbele haliendi, nyuma halirudi. Miezi minne na siku kumi mama wa watu hajatoka, na leo nimemziba mlango mimi.

Tsuma akaleta msumeno, akalikata katikati. Bibi akatoka. Ananifika kifuani tu! Akatangaza mbele ya wageni kwamba alitaka kiti kifupi cha kuswalia, magoti yanamuuma. Chifu akatabasamu tena.

Jumanne, 16 Juni

Bibi ameniombea kwa chifu. Kiti kiwe tayari Ijumaa, ama nihame. Bibi ametuma salamu niende nikampime, sasa hakuna kizuizi, na chai ipo.

Nikutane na chifu tena? Siendi! Kosa nimeshaligundua: niliamini kipimo cha mtu mwingine. Miguu ya kiti nimeshaikata, kwa kipimo cha goti langu mwenyewe.