Nzi wa Mwaka wa Fedha Uliopita

Kuanzia Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, nzi mgeni wa matunda alikoma kuwepo nchini. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Idara ya Kutokomeza mwenyewe, mbele ya bendi na keki yenye umbo la nzi aliyelala chali. Papo hapo akaufunga mradi uliodumu miaka saba, kwani serikali haiwezi kugharamia vita na adui asiyekuwepo.

Jumanne, Mama Mitego aliingia ofisini kwa Mkurugenzi na chupa yenye nzi. Ndiye aliyekagua mitego tangu siku ya kwanza, akipanda ngazi kwenye mipera ya watu hadi magoti yakamchakaa, na nzi elfu tisa kwa wiki wakapungua wakabaki wa kujaa kiganja.

"Kumi na mmoja, bosi. Wa jana mchana. Tukiwabana msimu mmoja zaidi, tumewamaliza kweli."

Mkurugenzi aliitazama chupa kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga wa jirani. "Wazuri. Lakini hawa ni wa mwaka wa fedha uliopita."

"Wamezaliwa wiki jana."

"Kibayolojia, sawa. Kiutawala, wamekwisha." Akamsogezea kipande cha keki, bawa la kushoto. "Shida yako, mama, ulifanya kazi vizuri mno. Ungezembea kidogo, mradi ungekuwepo mpaka leo."

Mama Mitego alirudi nyumbani bila kazi. Mwezi wa pili tangu tangazo, shemeji yake, mkulima wa mapera, akampigia simu.

"Shemeji, mapera yanadondoka yakiwa na funza. Nimekwenda Idarani, wanasema mdudu huyo hayumo kwenye fomu. Nichague ukame, wizi au mengineyo."

"Ukachagua nini?"

"Mengineyo. Foleni nzima tumechagua mengineyo."

Mama Mitego akaona moyo haumpi kukaa tu. Akatengeneza mitego ya chupa za maji, akawa anazunguka mashamba kila wiki, anahesabu, anaandika kwenye daftari la shule. Hakuna aliyemtuma. Idara, kwa upande wake, ilitoa taarifa ya kusikitishwa na ongezeko la mengineyo.

Mwezi wa tano wanunuzi wa ng'ambo walifungua kreti la kwanza la msimu, Mkurugenzi akiwa pembeni tayari kupigwa picha. Pera likapasuliwa. Funza akatoka, mwenye afya njema.

Soko likafungwa siku hiyo hiyo. Wanunuzi wakasema watarudi iwapo tu vita vitagharamiwa mfululizo, hata nzi wakibaki wawili, na kuongozwa na mtu mwenye takwimu za kila wiki. Takwimu za Idara zilikoma Jumatatu ile, saa tatu kamili. Nchi nzima lilikuwepo daftari moja.

Mama Mitego akapewa ofisi. Mkurugenzi hakuweza kufukuzwa, maana alikwishapewa nishani. Akahamishiwa mashambani kwa manufaa ya umma.

Siku ya kwanza bosi mpya alimshikia ngazi mwenyewe.

"Unaona wangapi, mzee?"

"Mia moja na arobaini." Akachungulia chini. "Tukiandika arobaini?"

"Andika unachokiona."

Akaandika. Kisha akabaki kule juu, ameukumbatia mpera, akauliza kwa sauti ndogo watu huwa wanashukaje.