Benchi la Kanisa Kibarazani Kwangu

Jumanne, 9 Juni 2020
Wiki ya kumi na moja bila usingizi. Tangu korona ifunge kanisa, macho yamekataa. Nalaumu malori ya hapa mpakani Malaba. Yamepanga foleni mpaka karibu na choo changu, madereva wakingoja kupimwa. Arnold, mwanangu, amepiga simu kutoka Amagoro. Sista wa zahanati anakuja Jumamosi kunipima presha. Ikiwa bado iko juu, Arnold ananihamishia kwake. Kwa Emmaculate mkewe! Msichana mzuri, nampenda, lakini anapika bila chumvi. Siendi.

Jumatano, 10 Juni
Ajiko, jirani yangu, amesema akiwa upande wake wa ua kwamba usingizi wangu ulibaki kanisani, maana huko ndiko nilikuwa nalala. Uongo mtupu! Miaka kumi na tisa tumekaa benchi moja, mimi nimefumba macho naomba, yeye ananipiga kiwiko. Lakini mahubiri hutuliza mwili, hilo nakubali. Nimemwahidi katekista Okurut jogoo, aje anihubirie.

Alhamisi, 11 Juni
Okurut amekuja na barakoa, akasimama mbali, akahubiri habari za yule mwana mpotevu. Kumbe alirudi nyumbani! Miaka hii yote nilijua amebaki na nguruwe. Halafu kaka yake akanuna. Sasa nitalala vipi? Huyo kaka alimla yule ndama au hakumla? Jogoo ameenda bure.

Ijumaa, 12 Juni
Sikulala. Lakini nimejua dawa. Ni benchi! Okurut ameleta letu kwa mkokoteni. Kuku wa pili huyo. Nimejilaza juu yake, nikaanguka mara mbili. Kidevu kimevimba.
Saa nane Ajiko akaja na fimbo yake. Kwamba nusu ya hilo benchi ni yake, na hatoki hapo mpaka lirudi kanisani. Akakaa mwisho kule, akaanza habari za magoti yake, kwanza la kulia. Nikafumba macho kidogo, kwa adabu. Mara nikadungwa ubavuni! Kwa fimbo safari hii, sababu ya korona. Nikashangaa jua linatua.
“Mama Arnold,” akasema, “unakoroma vile ulikoroma Pasaka ya mwaka jana.”
Nilikuwa naomba.

Jumamosi, 13 Juni
Sista amepima mara mbili, haamini. Presha imeshuka! Arnold amesema nibaki, lakini nipimwe tena Jumatano. Benchi limeniponya. Nimemwambia Ajiko kwa upole asikae tena hapo, maneno yake yananiharibia usingizi. Ameenda amenuna kama yule kaka.

Jumatatu, 15 Juni
Siku mbili macho makavu. Emmaculate ameshanitandikia kitanda, masikini, na shuka mpya. Nimefikiria sana, nikapata jibu: benchi limeisha nguvu. Nimemwambia Okurut alete lile la kwaya, lina mgongo. Yeye ananiambia nimwite tu Ajiko. Nimecheka mpaka kidevu kikauma. Ajiko na usingizi wapi na wapi? Huyu katekista naye, sijui alisomea wapi.