Malalamiko Dhidi ya Kamba Yenye Mafundo Kumi na Tisa

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi, juu ya mlima.

Kuhusu: Kuvunjwa mara moja kwa msafara wa watoto wanaokwenda shule kwa miguu na baiskeli

Mwalimu Mkuu, pokea heshima zangu, nyingine utazikuta humo ndani.

Anayekuandikia ndiye mtu wa kwanza kumiliki baiskeli katika mtaa huu, na hadi leo hajatokea wa kunipita mbio. Haya, wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Mimi niliinunua kwake ilipokwisha breki. Na kupitwa napitwa. Juzi nilipitwa na mama mjamzito, anatembea, ana ndoo kichwani, na akanisalimia. Lakini barua ya malalamiko haianzi kwa unyonge.

Barua yako aliileta mjukuu wangu Jumatano, ameikunja mara nane. Unasema Jumanne alichelewesha msafara mzima, na kwa hiyo kuanzia wiki ijayo fundo lake atapewa mtoto mwingine. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Sasa nami nina yangu, na nimeyapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Kelele. Zamani kila mtoto alipelekwa shule na mtu wake: huyu kwa gari, yule kwa pikipiki, na mjukuu wangu kwenye keria ya baiskeli yangu, amekaa kama malkia. Sasa kila asubuhi, saa moja kasoro kumi, inapita kamba ndefu yenye mafundo, kila fundo na mtoto wake, mbele yao mke wa kinyozi amevaa kizibao cha njano na kupuliza filimbi kama refa. Pembeni wanakwenda wale wakubwa kwa baiskeli, wawili wawili, na kofia zao ngumu, utadhani mayai yamejifunza kuendesha. Na wote wanacheka! Mtoto anacheka anakwenda shule, Mwalimu! Sisi tulikwenda tukilia, ndiyo maana tuna adabu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini adabu niliondoka nayo.

2. Afya yangu. Tangu magari ya wazazi yapungue barabarani, hakuna honi, hakuna vumbi. Nilikuwa nimezoea kuwatukana madereva kila asubuhi, na kifua kilikuwa kinafunguka vizuri. Sasa nimtukane nani? Jana nilimtukana mbuzi. Akaniangalia kwa huruma.

3. Hili lilikuwa zito kuliko yote, lakini limenitoka. Likirudi nitakuandikia chini.

4. Kuaibishwa ndani ya nyumba yangu. Kwa miaka mitatu nilimweleza mke wa mwanangu kwamba kumpeleka mtoto shule na kurudi ni saa moja na nusu, kwa sababu ya mlima, upepo, na uzee wa cheni. Ukweli ni dakika ishirini. Zilizobaki nilikuwa kwa kinyozi, kwenye drafti. Siku ya kwanza tu ya msafara wako, mjukuu akatangaza mezani, "Mama, kwa miguu ni robo saa! Tena tulisimama kumwangalia konokono!" Mama yake akaweka mwiko chini taratibu. "Kumbe, baba," akaniambia, "hata konokono anakushinda." Tangu siku hiyo asubuhi zangu zimepangiwa kazi. Nachambua maharage, Mwalimu. Na mvi zote hizi.

5. Elimu ya mtoto kuharibiwa. Kwenye keria aliniuliza kila kitu: kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini kinyozi ana kipara na mkasi anao. Nilimjibu yote, nusu nikitunga. Penye mteremko alinishika koti kwa mikono miwili na kuniwekea shavu mgongoni. Sasa amepewa fundo la kumi na nane, anamuuliza mwenzake wa la kumi na saba, na mwenzake anampa jibu sahihi. Mtoto wa miaka minane! Na koti langu, pale alipokuwa akilishika, limeanza kunyooka mikunjo.

6. Hapa ndipo ninapokukamata. Jumanne msafara ulifika kengele imeshalia. Chanzo ni mtoto? Chanzo ni sheria yenu! Mmewafundisha kwamba fundo la mtu halipiti tupu: mtoto asipotokea mlangoni, wote wanasimama na kumwimbia mpaka atoke. Na mlango wangu mmeufanya kituo cha mwisho bila kuniuliza. Basi watoto kumi na saba wakasimama pale wakiimba jina lake robo saa nzima. Kuku wakatawanyika. Jirani yangu muuza mkaa akatoka na taulo na sabuni usoni: "Mzee, mtoe huyo mtoto, au na mimi niingie kwenye kwaya!" Mama yake alikuwa ameshakwenda kazini, mtoto mwenyewe ndiyo kwanza anaoga, maana saa ya ukutani ilimwambia bado mapema. Akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, analia.

Sasa nakuuliza: basi la abiria humngoja nani? Treni? Mnawazoesha watoto kungojana. Siku wakikuta dunia haimngoji mtu, mtajibu nini?

7. Kwa hiyo naomba hivi. Kama mjukuu wangu haendi na kamba, asiende yeyote. Kamba ikatwe vipande, wapewe wenye mbuzi. Filimbi ifukiwe. Kila mtoto arudishwe kwa babu yake, na asiye na babu aazimwe mmoja. Tupo wengi na hatuna kazi. Mkikataa, sisi wazee wa mtaa tutagoma kuzeeka, tuone mtamheshimu nani.

Naishia hapa, wino ungalipo lakini vidole vimesusa. Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa lango, na huyo mwalimu wa hesabu aliyemwambia mjukuu wangu kwamba saba mara nane si hamsini na nane kama nilivyomfundisha.

Ni mimi, mwenye uchungu,
Babu wa Fundo la Kumi na Nane

Tanbihi: Lile la tatu limerudi. Ni kuhusu saa ya ukutani. Jumatatu jioni nilipanda kiti nikairudisha nyuma nusu saa. Nilidhani msafara utapita, mtoto ataachwa, atanigeukia aseme, "Babu, toa baiskeli." Cheni nilikuwa nimeshaipaka mafuta na keria nimeifuta. Sikujua kwamba wangesimama kweli. Umri huu wote sijawahi kuona watu kumi na saba wakimngoja mmoja.

Yeye amekwisha jua, maana kiti nilikisahau pale pale chini ya saa. Hajanisemesha tangu Jumanne. Basi mwachie fundo lake. Mkosaji ni mimi. Na yote niliyoandika juu, toka namba moja hadi saba, yafute, isipokuwa la yule mbuzi aliyenihurumia.

Halafu, mwanangu, kuna deni letu dogo. Unakumbuka binti mmoja aliyekuwa akijifunza baiskeli hapa mtaani, mimi nikikimbia nyuma nimemshikia kiti? Niliachia bila kumwambia, yeye akaenda zake wima, mimi nikaishia mtaroni. Alirudi akanivuta, akasema, "Anko, na mimi siku moja nitakushikia." Siku hizi binti huyo ana ofisi na muhuri. Kamba yenu ina mafundo kumi na tisa na watoto kumi na wanane. Nimehesabu nikiwa dirishani. Lile la mwisho, nyuma ya mjukuu wangu, linaburuzwa tu vumbini. Nishikie hilo. Na kizibao kiwe kipana kidogo tumboni.