Goti Langu na Barua ya Mzee Dadi

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Dai langu la malipo ya ulemavu limekataliwa. Ushahidi wa kitabibu hautoshi. Hautoshi! Goti niliumia jeshini, nilipoanguka kutoka kwenye lori karibu na Gairo, na leo limevimba kama papai. Wanataka cheti cha hospitali cha wakati ule. Sina. Niliogopa kufungwa plasta ngumu wiki ya harusi yangu, nikakimbilia milimani kwa Mzee Dadi, fundi wa mifupa. Mwisho wa rufaa Ijumaa.

Jumanne, 16 Septemba
Chausiku, mke wangu, anasema nikapige eksirei, kisha nimwombe Ignas aandike ushahidi, maana ndiye aliyenibeba siku ile na anakaa nyumba ya tatu. Ignas! Alinishinda uenyekiti wa wastaafu wa Kihonda kwa kura mbili, sasa anajitambulisha kama mwenyekiti hata msibani. Heri nichechemee. Mzee Dadi ataniandikia.

Jumatano, 17 Septemba
Pikipiki iliishia njiani. Nimepanda mlima kwa miguu saa tatu nzima, goti linawaka. Nikamwamkia mzee, nikambembeleza. Kakubali upesi. Kaandika mwenyewe, kafunga bahasha kwa gundi, kasema barua ya fundi haisomwi na mgonjwa. Sawa. Wataisoma wao.

Ijumaa, 19 Septemba
Wameisoma. Shakila wa mapokezi pale ofisi ya mafao kaisoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Mzee anathibitisha kwamba mguu ule aliuponya kabisa, kwamba hajawahi kushindwa na mfupa, na kwamba juzi tu nimepanda hadi kwake bila fimbo. Watu wakacheka. Ignas alikuwepo na hakucheka, na hilo ndilo limenichoma zaidi. Akaniuliza taratibu kwa nini sikumwambia, yuko tayari kuandika. Nikamjibu sihitaji huruma ya mwenyekiti. Shakila kaniongezea wiki mbili.

Jumamosi, 20 Septemba
Goti halikunjiki. Chausiku amenikanda kwa maji ya moto. Ignas kaacha ushahidi wake mlangoni, kauandika wote na kutia sahihi. Mjuaji. Nimeukunja mara nne, nikauweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Meza imetulia, naandikia juu yake sasa.

Kesho napanda tena kwa Mzee Dadi. Lazima aifute ile sentensi ya fimbo.

Safari hii nitabeba fimbo.