Wiki Niliyotengeneza Gari ya Tonton Bulonza

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Tonton Bulonza, mdogo wake marehemu baba, ameniita asubuhi. Gari yake imekataa kutembea. Si gari ya kweli. Ni ile ya telekomande, nyekundu, kubwa kama kiatu cha polisi. Mwanawe Fabien aliituma kutoka Ubelgiji baada ya ugonjwa uliomlegeza mzee mkono wa kuume. Kiné, yule anayemnyoosha viungo, alisema vidole vipewe kazi. Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini kwenye barabara ya Walungu hakubali kuminya mpira kama mtoto. Gari ndogo aliikubali.

Alitaka kumwita Francine. Nikasema aache, mimi ndiye fundi wa vitu hivyo. Sijawahi kushika hata kimoja.

Nina sababu mbili. Francine, binti wa shangazi yangu, anatengeneza simu kule Nyawera. Redio niliyohangaika nayo siku tatu, yeye aligeuza tu pile, yaani betri, ikaimba mbele ya ukoo mzima. Halafu Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya Déborah, binti wa mwisho wa Tonton, na msemaji wa familia bado hajatajwa. Msemaji huvaa koti, huketi mbele, husikilizwa. Koti ninalo.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimefungua skrubu nne. Kwenye ekseli ya nyuma, nywele za bandia za Déborah zimejiviringa kama kamba. Nimezitoa zote. Fundi wa kawaida angeishia hapo.

Mimi nimeiosha. Sabuni, beseni, maji ya vuguvugu, ndani na nje. Kila gari ninayoijua huoshwa. Kisha nikaikausha kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Mke wangu Anne-Marie aliuliza kama ile ni harufu ya mpira. Nikamjibu ni harufu ya kazi.

Gurudumu moja la mbele si duara tena.

Jumatano, 11 Oktoba

Kimya. Nimeweka pile mpya. Kimya. Vichuma vinavyoshika pile vimeota kutu ya kijani. Nimevikwangua kwa kisu, kisha nikapaka mawese kwenye meno ya gia, mengi, mtu asiniite mchoyo. Saa nane gari ikaondoka. Inazunguka kushoto tu, na paka wa jirani anaifuata akiilamba.

Tonton alituma mtu kuuliza. Nikajibu gari iko kwenye rodage, inazoeshwa mwendo. Dereva wa zamani anaheshimu rodage.

Jioni Anne-Marie alitoka kwa Tonton. Anasema alimkuta ameshika telekomande ya televisheni mapajani, kidole gumba kinajaribu kusukuma kijiti kisichokuwepo, na hakuna gari mbele yake. Nikaacha sahani, nikarudi kwenye gia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Imekufa kabisa. Nikapata mpango. Patrice, motard anayebeba watu kwa pikipiki mtaani kwetu, aipeleke kwa Francine na kusema ni yake. Nilimfundisha la kusema mara tatu. Nilingoja Nyawera nyuma ya mabalo, yale marobota ya nguo, mvua ikininyeshea shingoni.

Amerudi baada ya saa mbili. Gari inakwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia. Francine aliisugua kwa mswaki na alkoli, akafuta kutu kwa siki, akaweka gurudumu kutoka gari nyingine iliyokufa. Kwenye gia aliweka tone moja la mafuta ya mashini ya kushona. Hakutaka hata asante. Alituma karatasi: usiioshe kwa maji, toa pile ukimaliza kucheza, safisha ekseli kila wiki, tone moja, si bakuli.

Na maneno ya mdomo. Patrice aliyasema akitazama chini: “Ambia ule alikutuma, mukono wa Tonton hauna siku za kungojea.”

Patrice hajui kusema uongo. Nilichagua mtu vibaya.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimeipeleka. Tonton akaishika telekomande. Mwanzoni gari iligonga mguu wa kiti, mara mbili. Kisha kidole gumba kikasukuma, taratibu, na gari ikapita katikati ya miguu ya kiti, ikazunguka meza, ikarudi kusimama mbele ya viatu vyake. Alikitazama kidole chake kama mgeni aliyerudi kutoka safari ndefu. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Francine akaingia na mboga za lengalenga za maman Déborah, mke wa Tonton. Nikaufunga.

Tonton aliuliza nimeweka mafuta gani. Nikasema mawese kidogo, na uzoefu. Francine akakohoa. Mzee akainua gari hadi puani.

“Hii ni mafuta ya mashini ya kushona. Mukono ndio ulilala, Apollinaire. Pua haikulala.”

Akamshukuru Francine kwa jina. Nikainuka niende zangu. Akaniambia nikae.

“Kesho utasema wewe. Mutu mwenye aliniaminisha rodage siku tatu na gari imekufa, wakwe hawatamuweza.”

Francine alicheka hadi akaketi chini. Sijui kama nilisifiwa. Nimepiga koti pasi.

Jumapili, 15 Oktoba

Jana nilisema dakika arobaini. Wakwe walishindwa kwa kila neno. Déborah alilia vizuri. Tonton alimpokea mkwe kwa mkono wa kuume, na vidole vikafunga.

Tulipokuwa tunakula, mzee Mushagalusa, mjomba wa bwana harusi kutoka Mudaka, alilalamika kuhusu saa yake ya ukutani. Ni ya babu yake, inapiga kengele kumi na tatu saa sita. Francine alisema aipitishe kwake Nyawera. Nikamwambia apumzike, saa za ukutani ndizo hasa nilizosomea.

Mushagalusa ameileta leo baada ya misa. Imelala mezani, vipande thelathini na moja. Vitatu naona havikuwa na kazi.